Kwa nini mnataka kuasili? Majibu kwa wenzi wanaojiuliza

Barua za mwezi huu zimetoka kwa mume na mke, au kwa mmoja wao kwa niaba ya wote wawili, na karibu zote zinahusu kuasili mtoto, yaani kumfanya mtoto wa mwingine awe wenu kisheria. Tumezijibu pamoja: afisa wa ustawi wa jamii, muuguzi wa watoto na wakili. Majina ya waandishi tumeyafupisha.

SWALI: Tumeoana miaka 9 bila mtoto. Tumekubaliana kuasili, na tumeambiwa swali la kwanza la mfanyakazi wa jamii litakuwa "kwa nini?" Mume wangu anataka tujibu kwamba tunataka kumsaidia yatima. Mimi naona huo si ukweli wote. Wenzetu hujibu nini? — *Mama J., Nakuru*

JIBU: Semeni ukweli wenu, Mama J. Kutamani kuitwa mama na baba si dhambi, na hakuna mfanyakazi wa jamii atakayewakatalia kwa sababu hiyo. Ndiyo sababu inayotajwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la ugumba maishani mwake; kitabibu, ugumba huhesabiwa pale miezi 12 inapopita mume na mke wakikutana bila kinga na mimba haijashika. Katika karibu nusu ya visa hivyo tatizo liko kwa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe, ingawa lawama huangukia mwanamke.

Wengine wana sababu tofauti. Yupo aliyetolewa kizazi baada ya kuvuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Yupo ambaye mimba zake huharibika kila mara, au aliyetibiwa saratani. Wapo wenzi ambao wote wawili wana chembe ya selimundu (AS), ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa hiyo kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa, na hawataki kurudia safari ya wodini. Wapo waliojaribu kupandikiza mimba hospitalini, fedha zikaisha au moyo ukachoka. Na wapo wenye watoto wao wa kuzaa ambao wana nafasi na uwezo wa kulea mwingine.

Majibu yanayotutia wasiwasi ni manne. La kwanza ni hilo la mume wako likisimama peke yake, kwa sababu mtoto aliyeletwa kama sadaka hudaiwa shukrani. Akifika miaka 14 na kuanza ukaidi wa kawaida wa umri huo, nyumbani husikika "baada ya yote tuliyokufanyia". La pili ni kuziba pengo la mtoto aliyefariki: huyu mpya hupewa nguo za marehemu, wakati mwingine hata jina lake, na hupimwa kwa kipimo asichoweza kukifikia. La tatu ni kuokoa ndoa inayoyumba. Mtoto mwenye historia ya kuachwa hukesha, hulia na hung'ang'ania, na ndoa iliyokuwa na ufa huzidi kupasuka. La nne tunalisikia sana: kwamba ukimleta mtoto wa mwingine, kizazi chako kitafunguka. Kuna wanaopata mimba baada ya kuasili, kama walivyo wanaopata bila kuasili, lakini kuasili si tiba. Mtoto aliyeletwa kama dawa hupoteza thamani siku mimba inaposhika, au siku inapoeleweka kwamba haitashika.

Kwa hiyo ombolezeni kwanza. Malizeni matibabu ya uzazi au myasimamishe kwa makubaliano, kisha mkae miezi kadhaa. Mkiona mnaweza kumsikia jirani akisema "nimejifungua" bila siku yenu kuharibika, mko karibu kuwa tayari. Mfanyakazi wa jamii atawahoji pamoja na mmoja mmoja, na anachosikiliza zaidi ni kama sababu mnazotoa mkiwa vyumba tofauti zinafanana.

SWALI: Mume wangu hakatai wazi. Kila nikitaja kuasili anasema "tutaona". Mama mkwe naye anauliza damu ya nani italetwa bomani. Nianze kujaza fomu, labda atalainika? — *Dada R., Kakamega*

JIBU: Usianze. Ombi la wanandoa ni la wote wawili, na "tutaona" ya mwaka huu hugeuka "ni mtoto wako wewe" mwaka ujao, mbele ya mtoto mwenyewe.

Mara nyingi mwanamume anayesitasita hajawahi kusema kwa sauti kile anachokiogopa: ukoo kuisha, ardhi kugawanywa, wenzake kujua kwamba tatizo la uzazi ni lake. Muulize moja moja, wala si usiku mmoja. Kuhusu ardhi, ajue mapema kwamba mtoto aliyeasiliwa kisheria nchini Kenya ni sawa na wa kuzaliwa katika ndoa hiyo, na mirathi inamhusu. Ni afadhali alikatae hilo leo kuliko alikubali kwa mdomo na ndugu zake walitumie kumfukuza mtoto siku ya matanga. Mama mkwe hapigi kura, lakini yeye ndiye atakayeachiwa mtoto Desemba. Mwende kwake wote wawili, mume ndiye aseme, na mseme kama jambo lililoamuliwa.

SWALI: Tunaomba hatua za Kenya kwa mpangilio wake. Kila mtu anatueleza tofauti. — *Baba na Mama T., Kisumu*

JIBU: Kwanza vigezo. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25, amzidi mtoto kwa angalau miaka 21, na asiwe amefika 65. Ndugu wa mtoto wanaangaliwa kwa namna nyingine. Wageni walio nje wasahau kwanza: serikali ilisimamisha uasili wa kuwapeleka watoto nje ya nchi Novemba 2014.

Mnaanza kwenye shirika la kuasili lililosajiliwa. Pelekeni nakala za vitambulisho na cheti cha ndoa (au hati ya kiapo kwa ndoa ya kimila), cheti cha tabia njema kutoka polisi, ripoti za daktari za wote wawili, taarifa za benki au za mshahara, picha, na barua za watu wanaowafahamu. Kinachochelewesha zaidi ni majina kutofautiana: kitambulisho kinasema hivi, cheti cha ndoa kinasema vingine. Rekebisheni kabla ya kupeleka.

Halafu mnatembelewa nyumbani. Hakuna anayekagua kama sofa ni mpya. Mfanyakazi wa jamii anataka kuona mtoto atalala wapi, kama tangi la maji lina kifuniko, jiko linakaa wapi, nani atabaki na mtoto mchana, na kama huyo dada wa kazi anajua kinachokuja. Mkiwa na watoto wengine, nao wataulizwa. Ripoti inapelekwa kwenye kamati ya shirika, na mkikubaliwa mnasubiri kulinganishwa na mtoto.

Mtoto mwenyewe lazima awe ametimiza wiki 6 na awe ametangazwa rasmi kwamba yuko huru kuasiliwa. Wiki hizo 6 zipo kwa ajili ya mama mzazi, ili asitie saini akiwa bado kwenye maumivu na hofu ya kujifungua. Kwa mtoto aliyeachwa, polisi hutoa barua ya kwanza anapookotwa, na baada ya takriban miezi 6 ya kutafuta jamaa bila mafanikio hutoa barua ya mwisho. Ndiyo maana watoto wachanga kabisa ni wachache. Mkisema mnataka msichana wa miezi miwili tu, mtasubiri sana. Mkikubali mvulana wa miaka miwili, au mwenye ulemavu mdogo unaotibika, hali hubadilika.

Baada ya kulinganishwa mnaishi na mtoto miezi 3 mfululizo kabla ya wakili kuwasilisha ombi mahakamani. Kipindi hiki watu hukichukulia kama cha majaribio na hukaa nusu nusu. Msifanye hivyo, mtoto hajui kwamba kuna majaribio. Mahakama humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto katika kesi, huitisha ripoti ya afisa wa watoto, kisha husikiliza. Mtoto mkubwa huulizwa ridhaa yake. Amri ikitoka, Msajili Mkuu humwingiza mtoto kwenye rejista ya walioasiliwa na mnapata cheti. Wengi hukoma kwenye amri na kuiweka kabatini, kisha wanahangaika siku ya kumwandikisha shule. Fuatilieni cheti mwezi huohuo.

SWALI: Naomba likizo kazini siku ya kumchukua mtoto. Bosi anasema likizo ni ya waliozaa. — *F., Thika*

JIBU: Sheria ya Ajira ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2021. Mfanyakazi anayemchukua mtoto wa kuasili ana haki ya likizo ya mwezi 1 kwa mshahara kamili. Mwandikie mwajiri angalau siku 14 kabla ya mtoto kukabidhiwa, ukiambatanisha makubaliano ya kumlea na cheti cha shirika kinachoruhusu mtoto atolewe kwenye makao ya watoto. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

SWALI: Kuna muuguzi anayeweza kutupatia mtoto wa msichana wa shule, na taarifa ya kuzaliwa itaandikwa jina langu moja kwa moja. Tutalipa tu "gharama za hospitali". Si ni njia fupi ya kufika palepale? — *Jina limehifadhiwa*

JIBU: Hapana, na tunakuomba usimpigie tena simu. Hiyo ni biashara ya watoto. Sheria ya Kenya ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, ya 2010, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama asiye mzazi ni uongo mbele ya sheria tangu siku ya kwanza.

Kuna pia yule msichana. Huenda hakuulizwa, huenda aliambiwa mtoto amefariki. Akirudi baada ya miaka mitatu na mjomba wake na polisi, mtoto atatolewa mikononi mwenu, na hamtakuwa na hati yoyote ya kusimamia. Walionunua mtoto pia huishi wakimlipa aliyewauzia, kwa sababu anajua siri. Kama kweli yuko msichana anayetaka mtoto wake aasiliwe, muelekezeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Nyinyi msimlipe chochote, hata nauli.

SWALI: Sisi ni Waislamu na tunajua mtoto wa kupanga hawi wa kuzaa. Tunataka kumlea mtoto kwa njia iliyo halali. Na akibaleghe, hijabu itakuwaje ndani ya nyumba? — *Ami S. na mkewe, Lamu*

JIBU: Ami, njia yenu ni kafala, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua. Mnamlea, mnamsomesha na mnambeba kama wenu, lakini nasaba yake inabaki. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, ndiyo msingi: waiteni kwa baba zao. Kwa hiyo hamumpi ubini wenu, na hawi mrithi wa mafungu. Lakini mlango haujafungwa. Mnaweza kumpa hiba, yaani zawadi, mkiwa hai, akabidhiwe kweli, na mnaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi moja ya mali. Andikeni mapema mbele ya mashahidi, maana warithi husahau maneno ya mdomo.

Suala la umahramu, yaani kuwa ndugu wasioweza kuoana na hivyo hijabu isihitajike kati yao, wengi hulitatua kwa kunyonyesha. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, manyonyesho 5 yaliyo mbalimbali, kabla mtoto hajatimiza miaka 2 ya mwandamo, humfanya mtoto wa ziwa. Kama ni mvulana, akinyonyeshwa na dada wa mkeo, mkeo anakuwa mama yake mdogo au mkubwa wa ziwa. Kama ni msichana, akinyonyeshwa na dada yako wewe, unakuwa mjomba wake wa ziwa. Anayenyonyesha apimwe virusi vya ukimwi kwanza, na jambo liandikwe: nani, lini, mara ngapi, ili watoto wake wajue ndugu zao wasije wakaoana.

Mkeo akitaka kunyonyesha mwenyewe bila kuwa amezaa, inawezekana kwa baadhi ya wanawake. Hukamua kwa pampu kila saa 2 au 3, mara 8 kwa siku, dakika kama 15 matiti yote mawili, akianza wiki kadhaa kabla mtoto hajafika. Dawa za kuongeza maziwa asitumie bila daktari, baadhi huathiri mapigo ya moyo. Maziwa yanaweza kuwa machache, hivyo kopo la maziwa liwepo. Kama maziwa hayo yanamfanya mume pia kuwa baba wa ziwa, mwulizeni kadhi wenu kabla ya kutegemea hilo. Na angalieni kalenda: mtoto aliyeachwa huenda akawa amepitisha miezi mingi makaoni, muda uliobaki kabla ya miaka 2 ni mfupi.

SWALI: Namlea mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka 6. Mama yake yuko hai lakini ameolewa mbali. Nifanye uasili au nibadilishe tu cheti cha kuzaliwa? — *Kaka M., Mwanza*

JIBU: Cheti usikiguse, hiyo ni jinai na utamwondolea mtoto baba yake kwenye karatasi. Jiulize kwanza kama unahitaji kuasili. Kwa shule, matibabu na bima, amri ya mahakama ya kukupa ulezi mara nyingi inatosha, na mtoto anabaki mtoto wa kaka yako.

Kuasili chini ya Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 hukata uhusiano wa kisheria na wazazi wa kuzaa. Ukiamua hivyo, hakikisha mirathi ya marehemu imefungwa na fungu la mtoto limeandikwa jina lake *kabla* ya kwenda mahakamani. Tumeona watoto waliokosa kiwanja cha baba yao kwa kosa la mpangilio tu. Ridhaa ya mama inahitajika. Kuolewa mbali hakujamfanya asiwe mama. Umri wa kawaida wa mwombaji ni miaka 25 na tofauti ya miaka 21 na mtoto, ila kwa ndugu inatosha kuwa na miaka 21. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Mambo yakikamilika, usajili ni RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini).

SWALI: Tumelinganishwa na mtoto wa miezi 11. Tupime nini, na wiki za kwanza tufanye nini? Makao wanasema "halii kabisa, ni mtulivu sana." — *Mama na Baba K., Machakos*

JIBU: Ombeni kadi ya chanjo, mlolongo wa uzito wake tangu alipofika, na majibu ya vipimo: virusi vya ukimwi, homa ya ini B, kaswende, selimundu, na uchunguzi wa kifua kikuu. Jambo moja huwatisha watu bure. Kipimo cha haraka cha virusi kikisoma chanya kwa mtoto chini ya miezi 18, huenda kinaona kingamwili za mama yake tu. Ulizeni kipimo cha PCR, hicho ndicho kinachotafuta kirusi chenyewe.

Maziwa msiyabadilishe siku ya kwanza. Nunueni aina ileile ya makao, kisha changanyeni mpya robo, nusu, robo tatu, kwa siku 5 hadi 7. Mkiharakisha mtapata kuhara na mtadhani ni ugonjwa. Ombeni shuka au nguo aliyolalia, na msiifue. Harufu hiyo ndiyo kitu pekee anachokijua nyumbani kwenu.

Huo utulivu unahitaji kuangaliwa. Mtoto wa miezi 11 hulia akiwa na njaa au akiachwa peke yake. Aliyejifunza kwamba kulia hakumleti mtu huacha. Kwa hiyo wiki za kwanza, kulisha, kuogesha na kulaza kufanywe na nyinyi wawili tu. Shangazi na majirani wamwone sebuleni, wasimbebe. Sherehe ya kumkaribisha iahirishwe kwa miezi miwili. Akianza kulia kila mkitoka chumbani, mshukuruni Mungu, amegundua kwamba nyinyi ni watu wa kuliliwa. Mkubwa kidogo akificha mkate chini ya mto, msimkaripie. Wekeni ndizi mahali anapofikia, na tabia hiyo itapungua yenyewe. Anayemkumbatia kila mgeni getini si mchangamfu tu, bado hajajua nani ni wake.

Mpimeni uzito baada ya wiki 2. Na Mama K., ukijikuta unalia au humpendi bado, mwambie daktari. Huzuni baada ya kuleta mtoto huwapata hata wasiozaa, na hutibika.

SWALI: Binti yetu ana miaka 4 na anafanana nasi kabisa. Tunaona hakuna haja ya kumwambia. — *Wazazi wa N., Eldoret*

JIBU: Hapa hatuna maoni mawili. Mwambieni, na muanze wiki hii. Siri hii haikai. Hutoka kwa binamu kwenye ugomvi, kwa jirani msibani, au darasani: somo la urithi wa makundi ya damu sekondari hufundisha kwamba wazazi wawili wa kundi O huzaa O tu, na binti wa kundi A atakuja nyumbani na daftari. Akijua kwa njia hiyo, kinachomuuma zaidi ni kwamba mlimdanganya miaka yote, na ataanza kutilia shaka mengine mliyomwambia.

Kwa miaka 4 maneno ni machache: "Ulikua tumboni mwa mama mwingine. Hakuweza kulea mtoto wakati ule. Sisi tulikuwa tunatafuta mtoto, tukaenda mahakamani, hakimu akasema wewe ni wetu na sisi ni wako." Rudieni mkimvisha, mkiangalia picha, siku ya kuzaliwa. Atauliza kama alikuwa mbaya, jibuni kwamba hakuna mtoto anayeachwa kwa ubaya wake. Msiseme "ulitupwa", hata kama ndivyo gazeti lilivyoandika. Msimtukane mama yake mzazi, wala msimbunie hadithi nzuri msiyoijua; "hilo hatulijui" ni jibu.

Yale magumu, kama alipatikana wapi na katika hali gani, yasubiri miaka 10 au 12, lakini ayasikie kwenu kabla ya kwenda bweni. Wekeni bahasha moja: nakala ya amri ya mahakama, barua za polisi, jina alilopewa na wauguzi, picha ya makao, na kitambaa alichokutwa nacho kama kipo. Bibi na babu waambieni maneno mnayotumia, nao watumie hayohayo. Akifika utu uzima na kutaka kutafuta waliomzaa, nendeni naye kwenye shirika lililowapa mtoto, wao ndio wenye faili.